Breki ya Upande wa Ziwani

Kwako Kabula,

Salamu sitoi humu. Tangu Jumapili umekuwa ukiniamkia shikamoo huku umetazama mlango, kama unavyomwamkia mzee wa kupita njia, nami nimekuwa nikiitikia marahaba huku nimetazama ukuta. Tumeshasalimiana vya kutosha. Kesho unapanda treni kwenda Dar es Salaam kusomea mitambo, na sijui kama utaniaga au utamuaga mama yako tu na mimi uniachie mgongo. Ndiyo maana naandika. Nikianza kwa mdomo nitaishia kugomba, unanijua.

Habari za chandarua, dawa za malaria na wanaume wa mjini wenye maneno matamu mama yako amekwisha kukupa. Nimemsikia kupitia ukutani na sina la kuongeza. Amenikataza pia nisimtukane mtu ndani ya barua hii. Nimemwambia nitajaribu. Hakuniamini, na hakukosea.

Nataka kujibu swali lako. Uliliuliza ukiwa darasa la nne, nikalitupa. Jumapili ukanirudishia mbele ya mgeni, na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikukumbuka hata kama uliwahi kuliuliza.

Unakikumbuka kile kichwa cha treni kwa macho ya mtoto, basi ngoja nikueleze kama mtu mzima. Kilikuwa kichwa cha dizeli, kifupi, cha pua butu, na kililetwa kimoja tu. Kiwanda kilichokiunda kilifungwa huko kwao, na kuanzia hapa Mwanza hadi Dar hapakuwa na ndugu yake hata mmoja. Ndiyo maana tulikiita Mkiwa. Kitu kikivunjika hapakuwa na pa kuagiza. Ama tulikitengeneza wenyewe karakana, ama tuliishi bila hicho kitu. Wakubwa wa Dar waliokuja kukagua walikuwa wanakiangalia kama mtu anayeangalia mbuzi wa miguu mitatu, wanaandika, wanaondoka, na walichokiandika sijawahi kukiona kikirudi na msumari hata mmoja.

Kazi ya Mkiwa ilikuwa moja tu: kusukuma mabehewa kutoka uwanjani hadi gatini, ayaingize tumboni mwa meli, arudi kinyumenyume. Reli yetu inafuata ufuko, na Mkiwa hakuwa na sababu ya kugeuka. Alikaa vile kama ng'ombe aliyefungwa kigingini. Ubavu mmoja ulitazama ziwa miaka yote, ubavu mwingine ulitazama mji. Kwa hiyo hatukusema kushoto wala kulia. Tulisema ziwani na mjini. "Kaza nati ya ziwani." "Futa kioo cha mjini." Mtu akisema kulia tulijua ni mgeni, tukamcheka. Nilicheka kuliko wote, maana mimi ndiye niliyeanzisha msemo huo.

Na Mkiwa alikuwa na usukani wa breki ya mkono kila ubavu. Wa mjini ulikwisha kukatika mnyororo ndani kwa ndani, na mnyororo wa kuufaa haukuwepo. Ukiuzungusha unazunguka tu, haushiki kitu. Wa ziwani ndio uliokuwa unashika. Kwa hiyo tulisema, "Funga ya ziwani, ya mjini ni pambo." Siku moja nikachukua brashi na rangi nyekundu nikaandika kwenye sahani zake, ZIWANI huku, MJINI kule. Wewe ulikuwa umeniletea chakula, nikakushikisha kopo la rangi. Ukaniuliza, "Baba, kikigeuzwa je?"

Nimekaa siku hizi zote nikijilazimisha kukumbuka, na Jumatano nimekumbuka. Nilikuambia, "Hiki hakigeuzwi. Kesho utaniuliza na ziwa likihama." Mafundi wakacheka sana. Ukainamisha kichwa ukaendelea kushika kopo. Nami nikaona nimekujibu vizuri, tena nilifurahi kwamba jibu langu limechekesha watu.

Kisha ukaja wakati wa ruksa. Unaujua wewe mwenyewe, umekulia humo. Ghafla kila kitu kikawa kinauzwa, na kila mtu akawa mtaalamu wa kuuza. Watu ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa wanatuhubiria kujitegemea, wakavaa suti za mitumba zenye mabega mapana wakaanza kutuhubiria wawekezaji, kwa sauti ileile na kwa kidole kilekile. Minofu ya sangara ikapanda ndege, sisi tukabaki tunagombania mapanki, ile mifupa yake, na kuambiwa huo ndio uchumi. Sikuwaheshimu kabla na sikuwaheshimu baadaye. Hilo sijutii.

Meneja aliyeletwa kwetu alikuwa kijana mwenye tai pana na viatu vyenye ncha, ambavyo kwenye kokoto za reli vilimfanya atembee kama kuku aliyekanyaga gundi. Akatuambia watakuja wageni kutazama mali. Ndivyo alivyosema, mali. Akazunguka Mkiwa, akaona ubavu wa mjini umebonyea pale behewa lilipoupiga zamani, na wa ziwani ni mzima. Jukwaa la wageni alikuwa amelipanga upande wa mjini. Kuhamisha viti hakukumjia akilini. Akaagiza kichwa kipelekwe stesheni, kikageuzwe kwenye pembetatu ya reli, kirudi shavu zuri likiwa linatazama wageni. Akaagiza pia kipakwe rangi chote, na wapakaji wake wa bei rahisi wakapaka hata juu ya maandishi yangu. Juu ya jukwaa wakatundika kitambaa kilichoandikwa KALIBUNI WAGENI WETU. Mimi ni Msukuma, L ya mtu siicheki, lakini nilitegemea kwamba katika watu wote wale wenye tai mmoja angekuwa amemaliza shule.

Unajua nilikuwa wapi? Nilikuwa juu ya Mkiwa mwenyewe. Nilikuwemo kwenye safari ya pembetatu. Nilikigeuza mimi, Kabula, kwa mikono yangu, huku nikimsema meneja njia nzima kwa kila jina baya ninalolijua. Nilikuwa nimejaa dharau kiasi kwamba haikubaki nafasi ya kufikiri.

Tukakisimamisha gatini, pale reli inapoanza kuteremka. Dereva akazima injini, akashuka kwenda kutafuta sambusa. Chini alikuwepo Bwire, fundi aliyekuwa amehamishiwa kwetu kutoka Tabora si muda mrefu. Yeye alimjua Mkiwa kwa maneno yetu tu. Nikampigia kelele, "Bwire, funga ya ziwani!" Akaenda upande wa ziwa, akaushika usukani uliokuwa unatazama maji, akauzungusha kwa nguvu zake zote hadi mwisho, akajipangusa mikono. Alikuwa amefunga pambo.

Meneja alikuwa katikati ya hotuba, amefika kwenye neno "ufanisi", Mkiwa alipoanza kuondoka polepole bila mtu. Wageni walidhani ni sehemu ya sherehe wakapiga makofi. Kichwa kikapita mbele yao, shavu zuri likiwa linang'aa, kikavunja kizuizi cha mwisho wa reli, kikaingiza pua majini hadi madirishani. Meli haikuwepo na hakuna aliyeumia. Bendi iliendelea kupiga kidogo kabla ya kuelewa.

Sitakuambia uongo kwamba sikucheka. Nilicheka kwa ajili ya meneja, kisha nikatazama Mkiwa akitoa mapovu, nikaacha.

Kwenye kamati ya uchunguzi waliniuliza nilimwambia Bwire nini. Nikasema, "Nilimwambia afunge ya ziwani." Ilikuwa kweli tupu, neno kwa neno, na wala sikuongeza kitu. Mzee wa kamati akaandika kwamba fundi msaidizi alifunga breki isiyo sahihi. Bwire alikuwa wa kwanza kuondolewa. Meneja alihamishiwa Dar, nasikia kwa cheo. Mkiwa walimvuta nje ya maji na kumuuza kama chuma chakavu. Baadaye wakatufikia na sisi, nusu ya karakana, wakatuambia tumepunguzwa, kana kwamba tulikuwa chumvi kwenye mchuzi.

Yaliyofuata uliyaona. Walipokuwa wanamkata Mkiwa vipande, nilikwenda kila siku na kamba yangu ya kupimia. Wakataji waliniona kichaa na mimi niliwaona wachinjaji, tukavumiliana. Michoro yake niliitafuta ofisini nikaambiwa haipo. Nusu ya karatasi moja niliipata sokoni Igogo imefungiwa karanga, na muuzaji akaniuzia karanga zote kwanza ndipo akanipa. Wewe ulikuwa kidato cha pili. Nilikusomea vipimo, wewe ukavigawa kwa ishirini na kuviandika pembeni. Hatukukosea hata kimoja, na ninaposema hatukukosea nina maana hukukosea.

Mwili wa mfano wake tuliutengeneza kwa bati la madebe ya mafuta ya kula, lile la njano, ukawa unalalamika kwamba ndani ya kichwa tukichungulia tunasoma jina la mafuta. Vishikio vya ngazi tulikata kwenye spoku za baiskeli. Taa ni vioo vya miwani ya marehemu bibi yako, na akifufuka tutakoma. Nililehemu, nikabomoa, nikalehemu tena. Majirani walipita wakisema, "Mzee Lushinge kapunguzwa kazi, na akili nayo imepunguzwa." Niliwadharau vizuri tu. Watu hao nyumba zao zimejaa maua ya plastiki na redio isiyo na betri, halafu wananiambia mimi ninatengeneza kisichofaa.

Yalibaki magurudumu. Hayo yanataka mashine ya kukereza, na mtu mwenye mkono. Mjini kote mwenye mkono huo alikuwa mmoja, Bwire, ambaye baada ya kufukuzwa alifungua kibanda Igoma akawa anakereza miguu ya meza na vitanda. Sikwenda. Nilikutuma wewe na vipande vya shaba na vipimo. Nilisema nina mgongo. Mgongo wangu ulikuwa mzima, nilichokosa ni uso. Ulikwenda na kurudi mara nyingi, magurudumu yakaja mazuri kuliko nilivyostahili, na sikuwahi kukuuliza mlizungumza nini. Nilijua sitapenda kusikia.

Basi Jumapili akaja yule bwana kutoka ofisini, mpole, mwenye begi la ngozi. Akasema Dar wanataka mfano wa Mkiwa wauweke kwenye kabati la kioo mapokezi, kama kumbukumbu. Waliomkata wanataka kumbukumbu! Nilimpa alichostahili. Nilimweleza habari ya meneja, ya kitambaa, ya rangi, nikawa nimepamba moto, na mwishoni nikaongeza, "Na yule mjinga wa Tabora asiyejua ziwa na mji." Hapo ndipo ulipoweka birika chini.

Ulisema, "Baba, Bwire alifunga ya ziwani. Ameniambia mwenyewe, ziwa lilikuwa palepale. Hukumwambia kwamba kichwa kimegeuzwa. Na mimi nilikuuliza nikiwa darasa la nne, kikigeuzwa je, ukaniambia kesho nitauliza na ziwa likihama."

Hukupaza sauti. Ungepaza ningekugombeza kwa hilo nikapona. Mgeni alichungulia kikombe chake kana kwamba chai imeandikwa kitu. Mimi nikasema, "Umepata nafasi ya chuo, sasa unataka kunifundisha mimi vichwa?" Ukasema, "Hapana, baba. Wewe hufundishiki." Ukachukua birika ukatoka.

Siku ya kwanza nilikudharau. Nakuambia ili ujue inavyofanya kazi. Nilijiambia ni mtoto, amelishwa maneno na mtu mwenye kinyongo, mitambo ataijulia wapi. Siku ya pili nikachukua ule mfano nikauweka mezani, ubavu wa ziwani uelekee ziwa kama kawaida. Kisha nikaugeuza. Kitu kidogo tu kile, unakigeuza kwa mkono mmoja. Nikatazama neno ZIWANI, nililoliandika kwa brashi ya nywele tatu na kujisifia, limetazama mji. Hapakuwa na meneja wa kumsema. Nilikaa pale hadi mama yako akaniuliza kama ninaumwa.

Leo asubuhi niliwaambia nakwenda kwa fundi viatu. Nilikwenda Igoma.

Bwire alikuwa anakereza mguu wa kitanda, mashine inanguruma, wateja watatu wamekaa kwenye magogo. Aliniona, hakuizima. Nilisimama na mfano wangu kwapani umefungwa kwenye kanga ya mama yako. Nikaona nikingoja nitarudi nyumbani, kwa hiyo nikasema nilichokuja kusema kwa kupaza sauti juu ya mashine. "Bwire! Ile breki uliifunga sawa! Mimi ndiye niliyesema vibaya! Na kwenye kamati nilijua!" Kati ya maneno hayo akazima mashine, kwa hiyo "nilijua" niliipigia kelele mbele ya watu walionyamaza kabisa.

Akapuliza vumbi la mbao. "Hilo nalijua, mzee," akasema. "Nilikuwepo."

"Nimekuletea hiki. Kiwe chako. Zamani niliulizwa, kikigeuzwa je, nikacheka."

Akafungua kanga. Akakigeuza huku na huku, akazungusha magurudumu kwa kidole, akasikiliza. "Magurudumu yangu yanakwenda vizuri," akasema. "Huku juu umejitahidi. Nani aliuliza lile swali, ni huyu binti uliyekuwa unamtuma?"

"Ndiye."

"Basi kampe aliyeuliza. Mimi nakitaka cha nini, nikitazame kila siku? Na usogee kidogo mzee, umenizibia mwanga."

Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kumwomba. Wateja wale walinitazama kama nilivyokuwa nikitazama watu maisha yangu yote, na nikajua jinsi inavyokaa ngozini. Nilitembea hadi karibu na njia ya Musoma ndipo nikakumbuka kanga imebaki kwake. Mama yako akiuliza, hujui kitu.

Jibu la swali lako, basi. Kikigeuzwa, aliyesema "ziwani" ndiye mwenye kosa. Ulikuwa sahihi ukiwa darasa la nne, umeshika kopo la rangi, na fundi mzima na karakana nzima tulikuwa wajinga tunaocheka. Jibu limechelewa na kichwa kimeshakatwa. Bwire amekula miaka ya ugumu ambayo mimi ndiye niliyestahili kuila.

Sikuandikii uache dharau. Huko uendako utakutana na wengi wanaoistahili, wenye tai, wasio na tai, na walimu watakaokuona msichana wakakuuliza kama umepotea njia ya darasa la ushonaji. Wadharau kwa moyo wako wote, umeirithi kwangu na unaijua kazi. Mimi nimeitumia vizuri kwa wakubwa, kisha nikaitumia ileile kwa mtoto na kwa mtu wa chini yangu, kwa sababu ilikuwa tayari mkononi. Na mtu akikuuliza swali la kijinga, cheka ukipenda, lakini usiku ukifika lipime swali hilo.

Mfano uko chini kabisa ya sanduku lako, umefungwa kwenye sweta langu la kazini. Yule bwana wa begi la ngozi nimemtumia salamu kwamba kabati lake akaweke maua ya plastiki. Maneno ZIWANI na MJINI nimeyakwangua kwa kisu. Utaona bati limechubuka pande zote mbili, usilipake rangi. Huko Dar hawana ziwa, wana bahari, na hata hiyo sijui iko upande gani wa chuo chako. Weka unavyotaka wewe.

Kuna jambo lingine ambalo sijui kulisema vizuri. Wewe pia nimekujua ubavu mmoja, ule unaotazama nyumbani. Nilidhani ndio wote. Utarudi likizo umegeuka, na mimi kwa mazoea nitakupigia kelele "ya ziwani" kama zamani. Usiende ukazungusha tu pambo ili nifurahi, na usiweke birika chini ukatoka. Niulize tena.

Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha safari ili uikute kabla hujakivaa, maana nina haja na jibu kabla ya stesheni. Nilitaka kukuandikia kwamba kesho nitasimama upande wa ziwani wa treni, pale nisimamapo siku zote ninapomsindikiza mtu. Nimelifuta. Uniambie, mwanangu, dirisha lako litakuwa upande gani, nami nitakuja kusimama upande huo.

Baba yako,
Lushinge